Orodha Yangu ya Kuzamia

Sijui kuogelea. Nianze na hilo, maana watu wakisikia kwamba mimi ndiye niliyewachagulia wazungu mahali pa kuzamia baharini hudhani nilikulia pwani. Nimezaliwa Kinole, mlimani, kwenye mafenesi na mdalasini, na maji marefu kuliko yote niliyowahi kuingia yalinifika magotini. Lakini orodha niliipanga mimi, nikaichapa kwa mashine katika ofisi ya vyumba viwili mjini Morogoro. Kwa sababu ya orodha hiyo, na kwa sababu ya mtu mmoja aliyekalia barua, mguu wa kushoto wa mdogo wangu haujamtii tena mpaka leo. Nimeambiwa nisamehe, yamepita. Kwangu hayajapita.

Ilikuwa enzi za ruksa. Mitumba ruksa, maduka ya watu binafsi ruksa, na kiwanda nilichokuwa karani kikawa ruksa kufungwa. Afisa utumishi alisimama juu ya kreti ya soda pale getini akatusomea majina ya waliopunguzwa, sauti kavu, hata pole hakutupa. Langu lilikuwamo. La mdogo wangu, aliyekuwa kwenye mashine za nyuzi, lilifuata. Mwaka haukuisha, afisa huyohuyo akafungua kampuni ya kutembeza watalii nyuma ya duka la vitambaa, akaja kunitafuta nyumbani kwangu Mafiga kwa sababu nilijua kuchapa na nilikielewa Kiingereza cha barua. Nilikwenda. Nilikuwa na watoto wawili wa kulisha, na hasira haipikwi ikaiva.

Mdogo wangu alikwenda Dar es Salaam, akapata kibarua kwa mzungu mwenye boti ya kuwapeleka watalii kuzamia. Alianza kwa kuosha vifaa na kubeba mitungi ya hewa. Baadaye akafundishwa kuzamia mwenyewe, akawa anawaongoza wageni huko chini. Kitabu cha mafunzo kilikuwa cha Kiingereza, naye aliishia darasa la saba, kwa hiyo walimfundisha kwa vidole: hivi panda, hivi shuka, hivi pumua, usipande haraka. Akaijua kazi kwa mwili wake. Kila akija Kinole alitusimulia matumbawe na samaki wa rangi, lakini akifika kwenye meli iliyozama aliacha kula. Meli ya mizigo, imelala ubavu, samaki wanaingia na kutoka madirishani kama wenye nyumba.

"Sasa wewe unaingia kwa watu waliokufa kutafuta nini?" mama alikuwa akimuuliza.

"Mama, ungeiona, wewe mwenyewe ungeingia."

Bosi wangu, yule afisa wa zamani, akapata wazo. Wageni waliokuwa wakifundisha chuo kikuu walikuwa na likizo na fedha. Tuwauzie bahari na mlima kwa safari moja. Wakazamie Dar, kisha waje Kinole wapande Uluguru, walale kwenye mahema uani kwetu, wale matunda ya mama. Akanirushia karatasi yenye picha za sehemu za kuzamia. "Chagua wewe. Ndugu yako si yuko huko?"

Nilikwenda posta nikampigia mdogo wangu simu. Nikamsomea sehemu moja moja, naye akanijibu haraka haraka kwa sababu mwenye boti alikuwa anamwita. Mwamba wa karibu na kisiwa ni mzuri, mita kumi tu, hata mwoga hapati shida. Ule wa nje una mkondo unaomburuta mtu, uache. Kuna mwamba kama ukuta, kasa wapo. Meli iko chini sana, mita thelathini, lakini ndiyo yenyewe.

Basi nikapanga. Siku ya kwanza mwamba wa ukuta. Siku ya pili mapema, mwamba mdogo wa kisiwani, kisha meli, kisha chakula cha mchana na safari ya Morogoro, jioni Kinole. Kwa nini meli mwisho? Kwa sababu kwetu mtu anakula ugali na mboga kwanza, kipande cha nyama anakilinda pembeni mwa sahani. Kitamu hakitangulizwi. Na kwa nini Kinole siku hiyohiyo? Kwa sababu kwetu mgeni haachwi alale chini ya mlima wakati nyumba anayoiendea iko juu. Ni kumwambia kwamba hatukumwandalia. Mama angeona aibu mwaka mzima. Hizo ndizo hesabu zangu za kitaalamu. Niliichapa nakala tatu, safi, bila kosa hata moja la herufi, na nikajisifu.

Bosi aliituma Dar kwa mwenye boti. Baada ya wiki moja ikaja barua ya majibu. Niliiona bahasha, sikuiona barua. Bosi aliifungua chumbani kwake, akakaa nayo, akatoka.

"Badilisha kidogo. Wageni watalala Dar siku moja zaidi, wapumzike. Kinole waje kesho yake."

"Na mdogo wangu?"

"Yeye atangulie siku ileile. Nani atasimamisha mahema? Nani atachimba choo?"

Nikachapa na hilo. Nilifurahi hata, maana mama angemwona mwanawe usiku mmoja kabla ya wageni.

Siku ya meli, baada ya mwamba wa kisiwani, mdogo wangu alishuka kwenye meli mara tatu. Alitangulia kwenda kuifunga kamba ya boti kwenye chuma cha meli, akashuka tena na wageni, na walipomaliza akarudi chini peke yake kuifungua kamba. Saa sita alikuwa safarini. Kabla ya magharibi alikuwa Kinole, juu kabisa, ana jembe mkononi anachimba choo cha watu waliokuwa wamejinyoosha kwenye vitanda vya hoteli ufukweni.

Bega ndilo lililoanza kumuuma. Akasema ni jembe. Kisha miguu ikafa ganzi, akashindwa kusimama, akashindwa hata kukojoa. Mama akasema ni jini la bahari limemfuata. Si alimwambia asiingie kwenye ile meli? Wakachoma ubani, wakamkanda kwa mafuta ya karafuu, wakamsomea. Asubuhi na mchana wote vikapita hivyo. Simlaumu mama. Alitumia alichokijua, na hakuna aliyemwambia kingine. Jioni ndipo wanaume wa jirani walipomshusha kwa machela, na mimi nikampokea hospitali ya mjini.

Daktari aliuliza swali moja tu la maana: "Alikuwa baharini lini?" Nilipomjibu, akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba mtu akizamia, hewa anayovuta inajaa mwilini, nayo inataka muda kutoka. Akipanda mlimani kabla haijatoka, inafanya mapovu ndani ya damu, kama soda ukiifungua kizibo. Mtambo wa kumtibu hawakuwa nao, na hapakuwa na pa kumkimbizia. Wakampa oksijeni na dripu. Mguu wa kulia ukarudi taratibu. Wa kushoto ukabaki wa kuburuta.

Wageni walikuja kumtazama. Walikuwa wazima, wamebabuka jua, wamebeba maembe. Mama mmoja wa Kizungu aliuliza, kwa Kiswahili chake cha darasani, kwa nini alipanda mlima. "Sisi tuliambiwa. Ilikuwa kwenye barua ya mwenye boti."

Kesho yake bosi alipotoka kwenda kunywa chai nilifungua droo yake. Barua ilikuwa juu kabisa, wala haikufichwa. Nikaisoma nimesimama, kisha nikaiweka kwenye mkoba wangu nikaenda nayo Mafiga.

Bosi alikuja kumpa mgonjwa pole baada ya wiki tatu. Kilo ya sukari, mche wa sabuni. Mdogo wangu alikuwa kwenye kitanda cha sebuleni kwangu; alipomwona akajaribu kuinuka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, marahaba. Kaa. Mambo ya Mungu haya."

Nikasema, "Mambo ya Mungu hayaji kwa posta." Nikatoa barua. Sura yake ilibadilika, lakini hakunizuia. Nikaisoma kwa sauti, sentensi moja ya Kiingereza, moja ya Kiswahili, ili mdogo wangu asikie kila neno. Mtu yeyote aliyezamia asipande milima mpaka ipite siku nzima. Imepigiwa mstari kwa kalamu ya bosi.

"Wamesema wageni," alisema.

"Wamesema mtu yeyote."

"Mtu yeyote aliyelipia safari, dada. Mfanyakazi ana ratiba yake."

Alisema hivyo. Amekaa kwenye kiti changu, kikombe changu mkononi. Nimesikia matusi mengi maishani, ya sokoni na ya kiwandani, na hakuna hata moja lililonikaa kooni kama neno hilo, ratiba.

Kulikuwa na sentensi nyingine katika barua ile, juu ya hiyo yenye mstari. Ningeweza kuiruka; ni mimi tu na bosi tuliokuwa tunaijua. Lakini nilikuwa nimekwisha kuanza kusoma, na sikutaka kufanana naye. Nikaisoma: sehemu yenye kina kirefu itangulie, fupi ifuate; orodha yenu imeweka meli mwisho, tafadhali geuzeni.

Bosi akaweka kikombe chini, uso umemng'aa kana kwamba ameokota hela njiani. "Eh! Na hilo la meli kuwa mwisho, ni nani alilipanga?"

Mdogo wangu akanigeukia.

"Mimi," nilisema. "Na wewe ukaambiwa uligeuze, hukuligeuza."

"Boti ilikwisha kukodiwa," alisema, sasa sauti imemrudia kabisa. "Lakini tusilaumiane. Kila mtu ana kosa lake." Akasimama, akajipangusa suruali, akasema anawahi kikao.

Mdogo wangu akashika ukingo wa kitanda. Akauweka mguu wa kulia chini, akauvuta wa kushoto kwa mikono miwili akauweka pembeni yake, akachukua fimbo. Nikajua anachotaka kufanya, maana tulilelewa nyumba moja. Mgeni akiondoka anasindikizwa hadi barabarani.

Nikasimama mlangoni. "Huyu hasindikizwi. Katika nyumba hii, huyu hasindikizwi."

"Dada."

"Amekulemaza!"

"Dada, nipishe," alisema, polepole, hanitazami. "Wewe umeshasoma. Mimi nataka kumuuliza kama kazi bado ipo."

Nikapisha. Akapita mbele yangu, anaburuta, kandambili ya kulia ikipiga na ya kushoto ikichora mstari kwenye vumbi, akamfuata yule mtu kuelekea barabarani huku akimwita, "Mzee, mzee, samahani." Bosi alimsikia, maana aliinua mkono. Mwendo hakuupunguza.