Karatasi Alizoziacha Wazi Teodora

Dada yangu Teodora alizaliwa ng'ambo ya Kamanga, upande wa Sengerema, katika nyumba ya katekista. Baba yetu, Yeremia Nkwabi, alifundisha dini katika kigango chetu kwa miaka thelathini na mitatu. Padre alikuja mara moja kwa mwezi, kwa hiyo ni baba aliyewazika karibu watu wote wa pale. Teodora alikuwa mtoto wa kwanza, mimi Venant wa mwisho, na wawili wa katikati Mungu aliwachukua wangali wadogo. Mama aliwafuata mwaka nilioingia kidato cha kwanza. Tangu hapo Teodora ndiye aliyenilipia karo na kunifulia shati la shule, na ndiye aliyenichapa nilipokosea.

Kupiga chapa alifundishwa na masista mjini Mwanza. Alikaa miaka kumi na mmoja katika ofisi ya ushirika wa pamba, na sifa yake ilikuwa kwamba hakuhitaji mtu amwandikie kwanza kwa mkono. Wewe uliongea, yeye akachapa, na ukimaliza kuongea karatasi nayo imekwisha. Mwaka tisini na tatu ushirika ulipunguza watu, akaletewa orodha ya wanaoondoka aichape. Alipofika jina la kumi na saba akakuta ni lake. Aliniambia alilichapa bila kosa, akaendelea mpaka la mwisho, akapeleka karatasi kwa meneja isainiwe, ndipo akaenda chooni kulia.

Baada ya hapo alipata kazi Nyamagana, mjini Mwanza humo humo, katika duka la Mzee Rahim, aliyeuza madaftari na kalamu na kuwachapia watu barua. Miaka miwili baadaye Mzee Rahim alinunua kompyuta mbili. Moja akapewa Mwaija, msichana wa mjini aliyekwisha kujifunza, na nyingine dada, ambaye wakati huo alikuwa na miaka arobaini na moja.

Aliijua upesi, ila tabia ya taipureta haikumtoka. Ofisini kwao karatasi ilibaki kwenye mashine mpaka bosi aisome na kuikubali. Kwenye kompyuta akafanya vilevile. Hakuhifadhi kazi ya mtu wala kuipa jina mpaka mwenyewe arudi, asomewe, na aseme kwa mdomo wake kwamba imekaa sawa. Alisema kuipa jina kabla ya hapo ni kama kumwandika mtoto kwenye kitabu cha ubatizo kabla hajaletwa kanisani. Kwa hiyo karatasi za watu saba au wanane zilikaa wazi, moja juu ya nyingine. Jioni alizima swichi ukutani, akafunika mashine, akaenda kupanda gari.

Programu ile ilikuwa na huruma. Kila baada ya dakika chache ilijiwekea pembeni nakala ya kila kilichokuwa wazi. Ikizimwa ghafla, siku ya pili iliuliza, kabla ya neno lingine lolote, kama irudishe karatasi zilizoachwa. Ukiikubalia, zote zilirudi pale pale zilipokuwa. Ukiikatalia, ilizifuta, na haikuuliza tena.

Nilikuwepo siku moja Mwaija akimgombeza.

"Da Teo, umeziacha tena hivihivi! Zipe majina uzihifadhi."

"Wenyewe hawajazikubali."

"Na umeme wa mgawo huu?"

"Ukirudi itaniuliza, na mimi nitaikubalia."

"Siku itakayogoma kukuuliza utalia hapa, na mimi nitacheka mpaka nianguke."

"Cheka sasa hivi, mwanangu. Meno bado unayo."

Mwanzoni mwa mwaka tisini na saba wakaja wageni kijijini kwetu kutafuta mahali pa kujenga kiwanda cha minofu ya sangara. Walipapenda pale penye kilima kidogo kinachoshuka ziwani, ambapo ndipo makaburi yetu yalipo. Baraza la Kata likatangaza kwamba kila familia yenye mazishi au mipaka pale ilete maelezo ya maandishi, yaliyotolewa na mzee anayepafahamu na kutiwa sahihi yake au dole gumba. Mwisho ulikuwa Jumatatu ya tarehe kumi na nne Aprili. Baada ya siku hiyo, eneo lisilo na maelezo lingehesabiwa kuwa tupu.

Mzee anayepafahamu alikuwa mmoja, baba. Hakuwahi kuandika; makaburi yote yalikuwa kichwani mwake. Kwa Jumamosi nne alivuka ziwa kwenda dukani kwa kivuko cha asubuhi, akakaa kwenye kiti kando ya Teodora, akaongea, na dada akachapa. Nani amelala wapi, mwaka gani, jiwe gani au mti gani uko kichwani pake. Jumamosi ya tano hakuvuka. Tulimkuta ameanguka mlangoni. Kiharusi kilichukua upande wake wote wa kulia, pamoja na maneno yake.

Mwaija alimshauri dada akitoe kilichopo kwenye printa. Dada akakataa. "Baba atapona aseme kilichobaki, kisha nitamsomea yote." Kila siku aliifungua karatasi ile, akaisoma, akaiacha wazi. Kwaresima yote alifunga kwa ajili ya ulimi wa baba.

Jumamosi ya tarehe tano Aprili aliondoka kazini mapema akitetemeka. Akazima swichi kama kawaida yake. Ilikuwa malaria, ikampanda kichwani, na Jumanne alfajiri akafariki mikononi mwangu. Bwana ampe pumziko la milele. Tulimzika Alhamisi pale kilimani, kando ya mama. Mzee Rahim na Mwaija walivuka kuja kuzika. Baba aliwekwa kwenye kiti karibu na kaburi, na yeye aliyewaombea watu wote wale hakuweza kumwombea mwanawe kwa sauti.

Ijumaa nilimkumbusha shangazi Getruda, dada yake baba, kwamba imebaki siku moja ya kazi kabla ya Jumatatu, na kwamba kesho nitakwenda Nyamagana kufungua mashine. Yeye ndiye aliyesimamia msiba, na siku ya mazishi alikuwa amemwomba Mzee Rahim kitu chochote cha marehemu kisiguswe. Kwetu vitu vya aliyefariki havifunguliwi mpaka wazee wakae siku ya tisa.

"Sanduku lake sijaligusa mimi niliyembeba mgongoni," alisema. "Wewe una haraka gani?"

"Si nguo zake, shangazi. Ni maneno ya baba."

"Yako ndani ya nini?"

"Ndani ya mashine aliyokuwa anafanyia kazi."

"Basi ni vitu vyake. Siku ya tisa."

"Siku ya tisa Baraza limeshafunga kitabu. Hapo tulipomlaza jana watakuwa wanapakia samaki."

"Usinitishe kwa kaburi, mtoto wa kaka yangu. Unadhani mimi silioni?"

Baba alikuwa amekaa ukutani, na tulikuwa tumesahau kwamba anasikia. Akagonga ukuta kwa mkono wa kushoto. Tulipogeuka akaninyoshea kidole, kisha akakielekeza ziwani, upande wa Mwanza. Akafanya hivyo mara mbili. Shangazi akajifunika uso kwa kanga.

"Kaka amesema," alisema baadaye. "Nenda. Ila usiiguse kabla hujasali."

Jumamosi nilivuka kwa kivuko cha kwanza. Upande ule wa mji umeme ulikuwa unakatwa saa sita mchana.

"Shikamoo, Mzee Rahim."

"Marahaba, baba. Pole. Tumeiacha kama alivyoiacha." Alikuwa ameifunika mashine kwa kitambaa cheupe, na mbele yake hakuweka kiti.

Nikawaambia kwamba nimeagizwa kusali. Mzee Rahim akavua kofia yake, kisha akaona haya, akairudisha, akainamisha kichwa tu. Mwaija akasimama kando yangu ameshika kitambaa. Nilisali Baba Yetu na Salamu Maria, nikaanza na litania ndefu ya watakatifu.

"Kaka Venant," Mwaija akaninong'oneza, "nisamehe. Umeme wenyewe hauna dini, saa sita unaondoka."

Nikasema amina. Akawasha. Mashine ikanguruma, kioo kikapata mwanga, na baada ya muda likatokea swali kwa Kiingereza. Mwaija akaondoa mikono yake kwenye vitufe kana kwamba vimemuunguza.

"Bonyeza wewe. Ni dada yako."

"Nikikosea?"

"Ndiyo maana nasema wewe. Mimi nikikosea nitaishije?"

Nililisoma swali mara tatu, ingawa Kiingereza cha kidato cha nne kilitosha kulielewa mara ya kwanza. Nikakubali.

Zikaanza kurudi, moja baada ya nyingine. Barua ya mtu anayeomba leseni ya uvuvi. Kadi ya mchango wa harusi. Katiba ya kwaya, imeishia kifungu cha sita. Barua ya mama fulani kwa mwanawe aliyeko Bukoba, akimuuliza kama bado anakohoa. Kila moja ilisimama pale Teodora alipoondoa mikono. Mwaija alikuwa analia bila sauti. Ya tano ilianza hivi: *Mimi Yeremia Nkwabi, katekista, nasema mbele ya Mungu ninayoyajua.*

Zilikuwa kurasa nne. Nilisikia pumzi ya baba ndani yake, namna anavyosema "sasa basi" kabla ya kutaja jina. Makaburi ishirini na mawili, moja moja, na mipaka mitatu kati ya minne. Kisha mstari wa mwisho: *Na ng'ambo ya ule ua wa minyaa, kushuka ziwani, wamelala wengine ambao*

Basi. Hapakuwa na nukta.

"Kwanza niihifadhi," Mwaija akasema, akaipa jina la baba. Kisha akatazama saa. "Malizia sentensi, nichape. Andika watu wengine wa ukoo."

"Sijui kama ni wa ukoo."

"Nani atajua?"

Niliweka vidole juu ya vitufe. Ng'ambo ya minyaa mimi nilikuwa nimeona majani tu tangu utoto wangu. Na sehemu hiyo ya chini, karibu na maji, ndiyo wale wageni waliyoitaka kuliko yote. Neno moja la uongo lingetosha kuilinda. Lakini juu ya karatasi iliandikwa mbele ya Mungu, na aliyeapa hakuwa mimi. Nikaondoa vidole.

"Chapa kama ilivyo."

Printa ilipiga kelele mpaka saa sita kasorobo. Mwaija akazihifadhi na zile nyingine, mbili zikabaki hazijahifadhiwa, na umeme ukaenda.

Jumatatu tulimpeleka baba ofisi ya kata kwa mkokoteni wa ng'ombe. Katibu wa Baraza alisoma maelezo kwa sauti mbele ya watu wote. Alipofika mwisho akageuza karatasi, akatafuta nyuma.

"Mbona imekatika?"

Yule aliyewakilisha wenye kiwanda akasimama. Alikuwa mtu mwenye adabu. "Mwenyekiti, naheshimu msiba wa wenzetu. Lakini maelezo yasiyoisha si maelezo. Wengine ni akina nani? Mzee mwenyewe hawezi kusema, na aliyeandika hayupo."

Mwenyekiti akamgeukia baba. "Mzee Katekista, umesikia?"

Baba akanishika bega, akajiinua. Akaanza kutembea kuelekea mlangoni, akiuburuta mguu wa kulia, na hakutazama nyuma kuona kama tunamfuata. Wazee wa Baraza wakatazamana. Kisha mwenyekiti akachukua kofia, na wote wakatoka.

Tulimpandisha tena kwenye mkokoteni, na kilimani akashuka. Alipita katikati ya makaburi kwa fimbo, na katibu alimfuata na karatasi akihakikisha kila moja. Yote ishirini na mawili yalikuwa pale yalipoandikwa. Kwenye kaburi la Teodora, ambalo udongo wake ulikuwa bado mbichi, alisimama kidogo, akapumua, akaendelea. Alinisukuma niuvunje ua wa minyaa apate kupita. Ng'ambo yake majani yalifika magotini. Akashuka hatua kama ishirini kuelekea majini, akasimama, akachoma fimbo chini. Akaing'oa, akasogea, akaichoma tena. Alifanya hivyo mara tano, na jasho lilikuwa linamtiririka.

"Ni wale wa mtumbwi," shangazi Getruda akasema nyuma yetu. "Mwaka ule wa mafuriko. Nilikuwa nimeolewa mbali, nilisikia tu. Ziwa liliwatupa hapa, hawakutafutwa na mtu. Nilidhani walizikwa na serikali."

"Majina yao?" akauliza yule mwakilishi, kwa sauti ya chini.

Baba akatikisa kichwa. Hakuyajua hata wakati ule. Akainua mkono wa kushoto, akachora msalaba hewani juu ya majani.

Mwakilishi akaivua miwani yake. Mwenyekiti akamwambia katibu: "Andika. Watano, majina hayajulikani, walizikwa na Katekista Yeremia Nkwabi. Na mpaka wa kiwanda uanzie ng'ambo ya pale aliposimama."

Katibu akaweka karatasi juu ya goti lake, akaimalizia sentensi kwa kalamu. Shangazi akakishika kidole gumba cha baba, akakipaka wino, wakakikandamiza pamoja chini ya maneno.