Ng'ombe wa Bizimana Juu ya Ukuta wa Bwawa

Siku ya kwanza kazini sikupewa jembe. Shefu wa shantie, yaani msimamizi wa ujenzi, aliniwekea donge la udongo mkononi akaniambia nilisokote mpaka liwe kama kamba.

"Ikikatika mapema, ongeza maji. Ikishika mukono, acha ikauke."

Hivyo ndivyo tulivyopima udongo wa bwawa letu juu ya kijiji cha Kiringye, na kazi hiyo ya vidole nimezeeka nayo.

Tulikuwa na rulo, gurudumu zito la chuma la kushindilia udongo tabaka kwa tabaka. Vita vilipofika, wenye bunduki waliivunja wakabeba vyuma, na shefu akakimbilia Uvira. Nikabaki na ukuta wenye pengo, mwezi mmoja kabla ya mvua. Pengo lile lingefunguka, mpunga wote wa chini ungekwenda, na nyumba zetu pia.

Miguu yetu sisi wanawake haikutosha kushindilia udongo wa kulijaza. Ndipo nikawaza kwato. Nilimwendea mzee Bizimana, mfugaji aliyewaficha ng'ombe wake kumi na watano kwenye matete ya mto Ruzizi. Alinitazama kana kwamba naweweseka kwa homa.

"Mama, pale juu kila mwenye bunduki ataziona."

"Na ukuta ukienda, weye utazinywesha wapi?"

Kesho yake asubuhi akaja nao. Jamani, raha ile! Wanawake tunamwaga udongo, tunaunyunyizia maji, ng'ombe wanapita na kurudi, mzee anawaimbia na sisi tunaitikia. Siku ya tatu askari wakatokea, wakachukua ng'ombe wanne. Nilijua kazi imeisha. Nilikaa chini nikalia mbele ya watu.

Kulipokucha, mzee alikuwa juu ya ukuta na waliobaki.

"Walibeba ine. Kumi na moya iko. Tumalizie."

Tukamaliza. Mvua ilipojaza bwawa, watu walikimbilia vilimani. Sisi wawili tulishuka chini ya ukuta kutazama maji yanayopenya. Yakitoka na matope, ujue ukuta unaliwa ndani. Yalitoka kidogo, safi kabisa. Mzee akakinga viganja akanywa, nami nikanywa, tukacheka kama walevi.

Karatasi yangu ya kustaafu imeandikwa majina ya mashefu wote niliowatumikia. La Bizimana halimo, wala majina ya wale ng'ombe wanne waliochukuliwa. Basi nayaandika hapa: Gaju, Bihogo, Sine na Gitare.