Kumbe mkate wangu ulikuwa unasongwa

Jamani, nimesalitiwa ndani ya jiko langu mwenyewe!

Mnajua mwanangu Kabula akila ngano tumbo linamvimba. Kwa hiyo namwokea mkate wa unga wa mchele na muhogo. Wiki nzima hauumuki. Unatoka tofali.

Mume wangu akasema, "Hamira ya Bakari imekufa." Nikaenda dukani kwa Bakari, nikagomba mpaka watu wakajaa.

Leo nikaijaribu hamira kwenye maji ya vuguvugu. Povu hilo! Nikakoroga unga ukawa kama uji mzito, maana usio na ngano ndivyo unavyotakiwa. Nikaufunika, nikatoka kuanika nguo.

Narudi, namkuta mama mkwe ameshika mwiko, anamwagia unga wa udaga, ule wa muhogo mkavu, anasonga kama ugali!

"Mayu, mama yangu, unafanya nini?"

"Mwanangu, kila siku unauacha uji. Huwa nakukazia."

Mume wangu yuko palepale, anakunywa chai.

"Baba Kabula, ulikuwa unajua?"

"Sasa mama ningemwambiaje?"

Na ndiye aliyenituma kwa Bakari!

Semeni kama nimekosea: tofali la leo nimemwekea yeye mezani, lote. Mama yake kakaza, yeye atafune.