Nilitiwa fimbo za ngoma mkononi kwenye harusi ya Kihindi, na mimi ni mjane

Wakuu, habari za weekend. Siongezi chumvi, naandika kama lilivyotokea.

Mimi ni fundi cherehani, niko Mayfair hapa Joburg. Mume wangu alifariki mwaka jana. Eda nilimaliza nikarudi kazini, ila maneno yamenipungua tangu hapo.

Nikapata kazi ya kushona sketi ya bibi harusi wa Kihindi, Meera. Anaolewa kwenye ukoo wa kifalme huko India. Ufalme wenyewe ulishaisha, heshima ndiyo imebaki.

Jioni ya ngoma nikaitwa ukumbini Lenasia na sindano yangu, pindo lisije likafumuka. Wanawake wanaimba nyimbo zao za zamani, wanazunguka wawili wawili wakigonganisha fimbo fupi. Mimi nimekaa pembeni naangalia.

Mmoja akateguka mguu, mwenzake akabaki peke yake. Meera akanivuta, akanitia fimbo mkononi. "Come, Auntie."

Wakuu, nilirudi nyuma hatua moja.

Kwa Wahindi wanaoshika mila, mjane hamsogelei bibi harusi. Ni mkosi. Pale hakuna aliyejua habari zangu, ningeweza kunyamaza. Lakini nikawaza, ndoa hii ikipata tatizo kesho, nitalala vipi?

Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kuokoteza kwamba mume wangu amefariki.

Waliokuwa karibu wakasimama. Shangazi yake Meera akanitoa fimbo mkononi, taratibu tu, kisha akauliza:

"Na sketi? Sketi kashona huyu?"

Meera akaitazama sketi. Mimi sikuweza kumtazama usoni.

Nyuma kabisa alikaa bibi yake, kavaa nyeupe, naye mjane. Mzaliwa wa Mwanza, Kiswahili anacho. Akaniita, "We fundi, njoo huku kwa wachawi wenzako."

Kisha akamgeukia shangazi, kwa Kiingereza. "Mvue Meera hiyo sketi basi. Ukimaliza mvue na ngozi, maana nimemuogesha mimi tangu mchanga."

Shangazi akacheka bila kupenda, akanirudishia fimbo.

Mimi na bibi tukagonga tumekaa, bibi akiimba kwa sauti ya kukwaruza. Meera kila akizunguka akifika kwetu, anainama anagonga na sisi.

Nililia, sikatai. Na hofu haikuisha yote.

Nilichojifunza: jambo kama hili liseme mapema. Ningemwambia Meera siku ya vipimo, akaamua mwenyewe bila macho ya watu.

Wajane wenzangu, na mliokaa na Wahindi, mngefanyaje? Hata wa kunisema, aseme.