Hoho Zilizokosa Mnunuzi

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu jembe lilikuwa tayari mkononi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya nyumba yetu hapa Kindu, mbele ya matuta ya pilipili hoho, hizi tunazoziita pwavro, na nilikuwa nimeamua kuzing'oa zote.

Ulikuwa wakati wa vita. Njia za kwenda mashambani zilikuwa zimefungwa na watu wenye bunduki, treni haikuja tena, na mitumbwi haikuthubutu kuvuka mto. Kabla ya hapo nililima hoho za kuuza tu. Wanunuzi wangu walikuwa wakubwa wa reli na wageni wa hoteli. Nilizipanga sokoni, zikaisha, nikanunua sombe, yale majani ya muhogo, na samaki, nikarudi nyumbani. Sikuwahi kuonja hata moja, na wenzangu waliolima walikuwa vivyo hivyo. Kwetu kilikuwa chakula cha watu wengine. Vita vilipofika, wakubwa walikimbia, hoho zikaiva bila mtu wa kuziuliza bei.

Ndani ya nyumba hali ilikuwa mbaya. Mtoto wangu Amisi, niliyekuwa nimetoka kumwachisha ziwa, alikataa kula. Unga wa muhogo ulikuwapo kidogo, kwa hiyo bukari, ugali wetu, ilipikwa, lakini mboga hakuna, na chumvi ya dukani tulishaisahau. Nikimtia tonge kinywani analitema na kugeuza uso. Mikono yake ikawa myembamba, akaacha hata kulia. Niliogopa, mwanangu. Sijaogopa hivyo tena maishani mwangu. Ndiyo maana nikashika jembe: nilitaka kung'oa hoho nipande lengalenga.

Mama mkwe wangu, Bibi Mwamini, alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kitenge. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na mimi nilimwogopa kidogo.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Nangoa hii pwavro, mama. Nitapanda lengalenga, mutoto apate mboga."

"Lengalenga ataikula lini? Mutoto iko na njaa leo. Hii kitu unangoa, umekwisha kuipika?"

"Hapana, mama. Hii njo chakula ya wakubwa wa reli."

"Wakubwa wa reli wako wapi?" akasema. "Sisi njo tuko hapa. Pika kwanza. Ikikushinda, jembe iko."

Akarudi ndani. Nilikasirika, nisikudanganye. Lakini maneno yalinikaa, nikachuma kapu zima, nikajiambia kwamba Amisi atakula leo hata kama nitapika mpaka kuni ziishe.

Nikaanza kwa kuzichemsha zile za kijani. Zikatoka chungu na laini, Amisi akazitema. Nikakata nyingine mbichi nyembamba nyembamba, akazitafuna kidogo, akaziacha. Bibi Mwamini alinitazama tu, akaendelea kuchekecha unga wake. Nikachagua zile nyekundu, zilizoivia mtini mpaka zikaanza kukunjana ngozi, nikazitupa juu ya makaa. Ngozi ikaungua ikawa nyeusi kabisa. Nilidhani nimeziharibu. Nilipoibandua ile ngozi, nyama ya ndani ilikuwa nyekundu, laini, na nilipoionja nikakuta utamu ambao sikuutarajia. Nikaitwanga kwenye kinu kidogo pamoja na mawese na chumvi ya majivu, ile tuliyoichuja wenyewe, nikachovya tonge, nikampa.

Amisi hakulitema. Akalamba midomo. Kisha akafungua kinywa na kusema, "Tena."

Nililia, mwanangu, huku nachovya tonge la pili. Bibi Mwamini alilichukua lile jembe akaliweka nyuma ya mlango.

Hoho hizo ndizo zilizotuvusha. Hatukutupa kitu. Kile kikonyo cha ndani chenye nyama nyeupe tulikitia kwenye mchuzi wa maharage, siku maharage yalipopatikana. Zilipokuwa nyingi tulizikata vipande, tukazianika kwenye ungo juu ya paa, tukazitwanga zikawa unga wa kunyunyizia bukari. Mbegu za zile nyekundu nilizikausha kivulini nikazifunga kwenye kitambaa.

Sasa sikiliza, maana juzi nilikuona, wewe mke wa mjukuu wangu, ukimwaga hoho kwenye jalala kwa sababu zimenyauka. Sikukuita mbele ya watu, nakuambia hapa. Hoho iliyonyauka haijafa. Kata palipooza tu, iliyobaki ichome. Ukienda sokoni, nenda jua likianza kushuka, wauzaji wakitaka kurudi nyumbani. Watakupa fungu kubwa la zile zilizolegea, nawe usione haya kulichukua. Za kijani zikaange na kitunguu na ndakala, ukiweka hoho nyingi na samaki wachache, na nyumba nzima itashiba. Ukibakiwa na wali wa jana, kata hoho kichwa, shindilia wali ndani, zifunge kwenye jani la mgomba, ziive kwa mvuke. Wageni watadhani umechinja. Na usiniambie hujui kupika kitu fulani kabla hujakipika mara ya tatu.

Amisi ni mtu mzima sasa, anafanya biashara ya kwenda Kampene na kurudi. Akishuka na vumbi lake lote, hataki kuku. Anauliza kama makaa yapo.

Kitambaa hiki ninachokupa kina mbegu. Kila mwaka nimezipanda, nikaacha chache ziive mpaka nyekundu, nikazikausha tena, kwa hiyo ni zilezile za nyuma ya nyumba. Usilime cha kuuza tu. Kionje kwanza wewe na watoto wako, mjue mna nini mikononi, ili siku wanunuzi wakikimbia nyumba yako isitetereke. Panda mvua ikianza.

Mungu akujalie moto jikoni na mikono isiyochoka. Akupe watoto wa kukuambia "tena", na kila wakisema, akupe cha kuwaongezea.