Kichwa Kimoja, Miziki Miwili

Mwenzangu saluni tunamwita Dada Kasi. Mimi naosha vichwa, yeye anasuka. Akifika nyumbani huchukua nyimbo za disko zinazotamba, bila kuwaomba wenyewe ruhusa, akaondoa ngoma zilizomo na kuzipachika dramu za mbio na besi ya kutetemesha vioo. Rimiksi hizo huja kuzijaribu saluni. Vidole vyake vikianza kukimbia kwenye nywele za watu, anasema wimbo umekubali. Masikio yangu hayajaulizwa hata siku moja.

Mama wa mchumba wake alipokuja kusukwa, tulijua hakufuata nywele. Alikuja kumpima mkwe. Alikwisha kumwambia mwanawe, "Huyo wa makelele simtaki mpaka nimwone kazini."

Dada Kasi aliniapia kwamba leo ni nyimbo za polepole tu, rimiksi marufuku. Na kweli, upande wa kushoto ulisukwa taratibu, mistari ikalala vizuri, mama akaanza kusinzia. Nikashusha pumzi.

Wimbo ukaisha, na ile simu yake isiyo na adabu ikajichagulia unaofuata. Rimiksi! Tena ile ndefu kuliko zote. Yeye mikono imejaa nywele, mimi nimeshika kichwa cha mteja mwingine mwenye povu machoni.

"Zima!" alininong'oneza, lakini vidole vyake vilishashika kasi na havimsikilizi tena. Mama alizinduka, akang'ang'ania kiti. Nilipojifuta na kuifikia simu, upande wa kulia ulikuwa umekwisha, umekazwa kama kamba ya kuanikia nguo.

Mama alijitazama kwenye kioo. Upande wa kushoto, bibi wa watu aliyechoka. Upande wa kulia, nyusi imepanda, mikunjo yote imetoweka, msichana aliyeshangaa. Niliuma taulo nisicheke. Halafu nikamwona Dada Kasi, machozi yanamtiririka, hamu ya kucheka ikaniisha. Anampenda yule kijana, jamani.

"Nisamehe, mama. Nafumua sasa hivi."

Mama aligeuka kushoto, akageuka kulia, akaligusagusa shavu la kulia.

"Fumua," alisema mwishowe. "Lakini huu wa kushoto tu. Halafu, mkwe wangu, yarudishe yale makelele."