Mchumba wa kaka kamzika babu

Leo mchumba wa kaka yangu Nassor kamzika babu yetu. Babu mwenyewe alikuwa msikitini, anasali alasiri.

Nnacheka hata kuandika siwezi, lakini ngojeni.

Lan ni Mchina wa Saigon, kazaliwa huko huko Vietnam. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kuja kwetu Wattaya, na mama alikuwa bado hajasema ndiyo wala siyo.

Halua tumekula, kahawa tumekunywa. Mama akaleta chetezo cha udi.

Kwetu udi ukishafika, mgeni anajifukiza, anaaga. Kwao udi huchomwa mbele ya picha ya mzee aliyefariki.

Na ukutani ipo picha ya babu, ile kubwa ya Unguja, kavaa jambia.

Lan akainuka taratibu. Akachukua chungwa kwenye sinia, akaliweka chini ya picha kwa mikono miwili. Akainama mara tatu.

Mama kabaki na chetezo mkononi. (Semeni kweli, nyinyi mngejizuia kucheka?)

Mlango ukafunguka.

"Assalaam alaykum," babu huyo.

Lan akapiga ukelele, akajificha nyuma ya mama. Katika watu wote, mama.

Nassor akaeleza kwa kigugumizi. Babu akaitazama picha, akalitazama chungwa. Akalichukua, akaketi, akalimenya.

"Nyinyi nipo hai na chungwa hamnipi," kasema. "Huyu kanipa nishakufa. Harusi lini?"